Josephine Butler: Mwanamke aliyepambana na sheria ya afya iliyowabana wanawake peke yao

Sheria ikitungwa kwa jina la afya, wengi wetu huipokea bila maswali. Nani anataka watu waugue? Lakini Uingereza iliwahi kuwa na sheria ya afya iliyompa polisi mamlaka ya kumkamata mwanamke kwa kumshuku tu, kumpeleka kwa daktari akapimwe sehemu za siri, na akikutwa mgonjwa, kufungiwa hospitalini kwa miezi kadhaa. Mwanamume aliyekuwa naye hakuulizwa lolote.

Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1864, ikaongezwa makali mwaka 1866 na 1869, na haikufutwa hadi mwaka 1886. Aliyekuwa mstari wa mbele kuipinga alikuwa mke wa mwalimu, mama wa watoto, ambaye kama wanawake wote wa nchi yake wakati huo hakuwa na haki ya kumpigia kura mbunge. Jina lake ni Josephine Butler. Katika makala haya tunasimulia maisha yake, na jinsi watu wasio na kura walivyoweza kulifanya Bunge lifute sheria yake lenyewe.

Utoto wake

Josephine alizaliwa tarehe 13 Aprili 1828 huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Scotland. Baba yake, John Grey, alikuwa msimamizi wa mashamba makubwa na mtaalamu wa kilimo aliyeheshimika. Ukoo wao ulikuwa na watu wa siasa. Mmoja wa jamaa zake, Earl Grey, alikuwa Waziri Mkuu.

Zaidi ya kilimo, John Grey alikuwa mpinzani wa utumwa. Josephine alikuwa na miaka 5 tu Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni yake mengi, mwaka 1833. Nyumbani kwao alikua akisikia jinsi binadamu walivyouzwa, na jinsi wanawake watumwa walivyotendewa na mabwana zao. Mambo hayo yalimkaa moyoni. Baadaye, alipoona mwili wa mwanamke unashikwa na serikali bila ridhaa yake, aliulinganisha mara nyingi na utumwa aliofundishwa kuuchukia.

Mwaka 1852 aliolewa na George Butler, mwalimu ambaye baadaye akawa kasisi. Walianza maisha yao mjini Oxford, kwenye chuo kikuu kilichokuwa cha wanaume watupu. Huko Josephine aliona jambo lililomkera: msomi akimpa mimba binti maskini na kumtelekeza, lawama ilimwangukia binti. Msomi aliendelea na kazi yake kama kawaida. Yeye na mumewe walimpokea nyumbani kwao binti mmoja aliyekuwa amefungwa kwa kumuua mtoto wake mchanga baada ya kuachwa namna hiyo. Walimpa kazi na mahali pa kulala alipomaliza kifungo.

Msiba na safari ya Liverpool

Josephine na George walipata watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja, Eva. Mwaka 1864, Eva akiwa bado mdogo, alianguka kutoka ghorofani akikimbia kuwapokea wazazi wake waliokuwa wanarudi nyumbani. Alifariki. Josephine alibaki na huzuni ambayo haikumtoka.

Mwaka 1866 familia ilihamia Liverpool, mji mkubwa wa bandari, George alipopewa kazi ya kuongoza shule. Josephine hakuweza kukaa nyumbani na majonzi yake. Alianza kwenda kwenye nyumba kubwa ya maskini ya mtaa wa Brownlow Hill. Nyumba za namna hiyo ziliwapokea watu wasio na chakula wala makazi, lakini kwa masharti ya kufanya kazi ngumu. Wanawake waliketi kwenye chumba cha chini wakifumua kamba kuukuu za meli kwa vidole, ili nyuzi zake zitumike tena. Josephine aliketi nao sakafuni akafumua kamba pamoja nao, ingawa vidole vyake havikuzoea kazi hiyo na wenzake walimcheka.

Aliwasikiliza. Wengi walikuwa watumishi wa ndani waliofukuzwa kazi, wajane, au wasichana waliotoka mashambani kutafuta maisha mjini. Wengine walikuwa wameuza miili yao kwa sababu mshahara wa kushona au kufua haukutosha chakula. Baadhi walikuwa wagonjwa sana. Yeye na mumewe waliwachukua wachache nyumbani kwao, na nyumba ilipojaa walikodi nyingine. Hivyo Josephine aliwafahamu kwa majina na kwa sura watu ambao wabunge waliwatungia sheria bila kuwaona.

Wakati huohuo alifanya kazi nyingine mbili. Alikuwa rais wa baraza lililotaka wanawake wa kaskazini mwa Uingereza wapate elimu ya juu, na alishiriki kampeni ya kudai mwanamke aliyeolewa amiliki mali yake. Kabla ya mwaka 1870, hata mshahara ambao mke aliutolea jasho ulihesabiwa kuwa wa mumewe.

Sheria yenyewe ilifanyaje kazi

Tuieleze sasa sheria aliyoipinga. Katika miaka ya 1860 jeshi la Uingereza lilikuwa na tatizo kubwa la magonjwa ya zinaa, hasa kaswende na kisonono. Mwaka 1864, karibu mgonjwa mmoja kati ya kila watatu jeshini alikuwa na ugonjwa wa aina hiyo. Dawa ya kuponya haikuwepo; penisilini ilianza kutumika karne iliyofuata. Madaktari walitumia zebaki, ambayo ni sumu.

Askari wengi walikatazwa kuoa, hivyo walitafuta wanawake karibu na kambi. Serikali ingeweza kuwapima askari wenyewe. Zoezi hilo lilikuwepo zamani, lakini liliachwa mwaka 1859 kwa sababu askari walilichukia na maafisa waliliona linawadhalilisha. Badala yake Bunge liliamua kuwapima wanawake.

Sheria hizo ziliitwa Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza. Zilihusu miji yenye kambi za jeshi na bandari za kijeshi, kama Aldershot, Portsmouth na Plymouth, pamoja na baadhi ya miji ya Ireland. Polisi wasiovaa sare walizunguka mitaani. Wakimshuku mwanamke kuwa kahaba, walimtaka asaini karatasi ya kukubali kupimwa mara kwa mara. Wengi hawakujua kusoma. Asiyesaini alipelekwa kwa hakimu, na akiendelea kukataa alifungwa jela. Aliyesaini alipimwa na daktari kwa kifaa cha chuma, na akikutwa na ugonjwa alifungiwa katika hospitali maalumu. Mwanzoni muda wa juu ulikuwa miezi 3, lakini mwaka 1869 ulifika miezi 9.

Sheria haikueleza kahaba ni nani. Polisi mwenyewe ndiye aliyeamua. Mwanamke aliyechelewa kurudi kutoka kazini, au aliyeonekana akizungumza na askari, aliweza kushukiwa. Na jina likishaandikwa kwenye orodha ya polisi, kurudi kwenye kazi ya heshima kulikuwa kugumu mno.

Watu wema walioiunga mkono

Si haki kusema kwamba kila aliyeunga mkono sheria hizi alikuwa mbaya. Elizabeth Garrett, mwanamke wa kwanza kupata leseni ya udaktari Uingereza kwa mitihani, mwaka 1865, aliziunga mkono. Hoja yake ilikuwa kwamba wake wasio na hatia waliambukizwa na waume zao, na watoto walizaliwa wagonjwa, na kwamba wanawake maskini hawakuwa na mahali pengine pa kutibiwa. Madaktari wengi walifikiri hivyohivyo, na baadhi walitaka sheria ienezwe nchi nzima.

Josephine hakukana kwamba ugonjwa upo. Alichosema ni kwamba sheria ilikuwa inapima nusu moja tu ya wahusika. Mwanamke akitibiwa leo na mwanamume mgonjwa akaachwa huru, kesho ugonjwa unarudi palepale. Aliongeza kwamba tiba ya hiari, ambayo mtu anaifuata bila kuogopa polisi, ingewafikia wengi zaidi. Na juu ya yote, alisema hakuna raia anayepaswa kukamatwa kwa kushukiwa tu, bila shitaka na bila ushahidi.

Kampeni inaanza

Mwishoni mwa mwaka 1869 wapinzani wa sheria walimwomba Josephine aongoze chama cha wanawake. Hakukubali mara moja. Alijua kwamba mwanamke wa heshima hakupaswa hata kutaja mambo haya mbele za watu, na kwamba mumewe, mkuu wa shule, angeumia kikazi. Alimweleza George kwa maandishi. George alifikiri, akakubali, na akasimama naye hadi mwisho, ingawa kweli jambo hilo liliharibu nafasi yake ya kupanda cheo.

Mwaka 1870 ulipoanza, gazeti moja la London lilichapisha tamko la kupinga sheria, lililotiwa saini na wanawake zaidi ya 100. Miongoni mwao alikuwa Florence Nightingale, muuguzi aliyejulikana dunia nzima kwa kuwahudumia askari vitani. Tamko hilo lilishtua watu. Mwanzoni magazeti mengi yaliamua kunyamaza, na mengine yakawatukana.

Josephine hakwenda kwanza kwa wakubwa. Alipanda treni akaenda kuzungumza na wafanyakazi wa viwanda na wa reli. Hawa ndio waliokuwa na mabinti na dada ambao polisi wangeweza kuwashika. Wengi wa wanaume hao walikuwa wamepata kura kwa mara ya kwanza kwa sheria ya mwaka 1867, na Josephine aliona kwamba kura yao ingeweza kusema kwa niaba ya wale wasiokuwa nayo.

Colchester na Pontefract

Nafasi ya kwanza ilipatikana katika uchaguzi mdogo wa Colchester, mji wenye kambi ya jeshi, Novemba 1870. Serikali ilimsimamisha Sir Henry Storks, mtetezi mkubwa wa sheria hizi, aliyewahi kuzisimamia akiwa gavana wa Malta. Wapinzani walisimamisha mgombea wao ili kugawa kura. Magenge, yakiwemo ya watu wenye madanguro waliokuwa wananufaika na utaratibu uliokuwepo, yaliwashambulia. Hoteli aliyofikia Josephine ilizingirwa, na mwenye hoteli akamwomba aondoke kwa kuogopa nyumba yake kuvunjwa. Alipata hifadhi kwa familia ya mfanyakazi wa kawaida. Lakini kura zilipohesabiwa, Storks alishindwa, na kuanzia hapo wanasiasa hawakuweza tena kulipuuza suala hili.

Mwaka 1872 ulikuja uchaguzi mdogo wa Pontefract. Uchaguzi huu una nafasi yake katika historia, kwa sababu ulikuwa wa kwanza wa ubunge nchini Uingereza kufanyika kwa kura ya siri. Josephine alifanya mkutano na wanawake juu ya ghala la majani makavu, kwa kuwa hawakupewa ukumbi. Wahuni waliwasha moto chini ya ghala, kisha wakaingia na kuwatisha. Polisi waliokuwa karibu hawakuwasaidia. Wanawake walijiokoa wenyewe. Safari hii mgombea wa serikali alishinda, ila kwa kura chache kuliko alizozoea.

Mwaka 1871 Josephine aliitwa mbele ya tume ya serikali iliyokuwa inachunguza sheria hizo. Alikaa peke yake mbele ya mabwana wakubwa, wabunge, viongozi wa kanisa na maafisa wa jeshi, wengi wao wakiwa hawapendi alichosema. Alijibu maswali yao. Sheria zilibaki.

Mjane wa Aldershot

Mwaka 1875 lilitokea jambo lililowaonyesha watu maana ya sheria hizi. Mjane mmoja wa Aldershot, aliyelea watoto wake kwa kuimba na kuigiza kwenye kumbi za burudani, alishukiwa na polisi. Walimtaka yeye na binti yake wa miaka 16 waandikishwe na kupimwa. Alikataa. Waajiri waliogopa kumpa kazi, na riziki ikakatika. Alikutwa amekufa maji katika mfereji wa mashua.

Josephine alimchukua binti huyo akaishi naye. Habari hiyo ilienea nchi nzima, na watu wengi ambao awali walidhani sheria inawagusa wanawake wabaya tu walianza kuelewa kwamba inaweza kumgusa yeyote asiye na mtu wa kumtetea.

Miaka 16 ya kungoja

Kampeni ilichukua miaka 16. Maombi yenye saini za watu zaidi ya milioni 2 yalipelekwa bungeni. Kila mwaka wabunge waliokuwa upande wao walileta hoja, na kila mwaka ilishindwa. Mbunge James Stansfeld, aliyekuwa waziri, aliweka rehani mustakabali wake wa kisiasa kwa kuibeba hoja hiyo.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 1883, Stansfeld aliomba Bunge lilaani upimaji wa lazima. Karibu na Bunge, wanawake walikusanyika kusali, matajiri na maskini pamoja. Josephine alikuwa akienda huku na huko, mara kwenye sala, mara kwenye roshani ya wanawake bungeni. Baada ya saa sita za usiku matokeo yalitangazwa: wabunge 182 waliunga mkono, 110 walikataa. Upimaji wa lazima ulisitishwa, na mwaka 1886 sheria zenyewe zikafutwa kabisa.

Sheria ya watoto na athari zake

Wakati huohuo Josephine alikuwa anapigana vita nyingine. Sheria ya Uingereza ilihesabu kwamba msichana wa miaka 13 anaweza kuridhia kulala na mwanamume. Wafanyabiashara wa ngono waliitumia vizuri. Mwaka 1885 mwandishi wa habari W. T. Stead, akisaidiwa na Josephine na wenzake, alichapisha habari zilizoonyesha jinsi msichana mdogo anavyoweza kununuliwa London. Nchi ilichafuka kwa hasira, na katika mwaka huohuo Bunge lilipandisha umri huo kuwa miaka 16. Stead mwenyewe alifungwa miezi 3, kwa kuwa alimchukua msichana bila idhini ya baba yake.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Sheria hiyo nzuri ya mwaka 1885 ilikuwa pia na vifungu vya kufunga madanguro. Vyama vya kutetea maadili vilivitumia kuwafukuza wanawake maskini kwenye vyumba vyao vya kupanga, wakabaki barabarani wakati wa baridi. Josephine alisikitika. Aliwaonya wenzake wa zamani kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuwa mwema kwa rungu la polisi, na kwamba sheria inayosema inamlinda mwanamke inaweza kugeuka kumwinda.

Nje ya Uingereza

Kufutwa kwa sheria Uingereza hakukumaanisha kufutwa kwenye makoloni. Nchini India, wanawake waliendelea kuandikishwa na kupimwa karibu na kambi za jeshi la Waingereza. Katika Koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, sheria ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 1885, wakati Uingereza yenyewe inaelekea kuiacha. Josephine aliendelea kudai kwamba kisichofaa kwa mwanamke wa London hakifai kwa mwanamke wa India. Mwaka 1888 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio la kupinga utaratibu huo India, ingawa jeshi lilitafuta njia za kulikwepa.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Aliamini kwamba utawala wa Uingereza unaweza kurekebishwa ukawa wa haki, na hakuupinga ukoloni wenyewe. Katika jambo hilo alikuwa mtu wa zama zake.

George alifariki mwaka 1890. Josephine aliendelea kuandika, akiwemo kitabu cha maisha ya mumewe. Mwishoni alirudi Northumberland alikozaliwa, na huko alifariki tarehe 30 Desemba 1906 akiwa na miaka 78. Wanawake wa Uingereza walipata kura ya ubunge kwa mara ya kwanza mwaka 1918, miaka 12 baada ya kifo chake. Hakuwahi kupiga kura hiyo hata mara moja.

Maswali aliyotuachia

Mambo haya si ya zamani tu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu cha sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 kilichomtia hatiani mtu kwa kumweka mwenzake katika hatari ya maambukizi, kwa sababu maneno yake hayakuwa wazi na yaliingilia faragha. Waliokipinga walieleza pia kwamba mama mjamzito hupimwa kliniki mapema, hivyo mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua hali yake. Kwa hiyo sheria ingemwangukia yeye kabla ya mume ambaye hajawahi kupimwa.

Kupima na kutibu ni jambo jema, na tunawahimiza wasikilizaji wetu waende kliniki, wanaume kwa wanawake. Lakini sheria mpya ikitangazwa redioni, au sheria ndogo ikijadiliwa katika mkutano wa kijiji, maisha ya Josephine Butler yanatupa maswali manne ya kuuliza kabla ya kunyoosha mkono. Inamgusa nani, na nani imemwacha? Anayeweza kushitakiwa ameelezwa wazi, au ameachwa kwa afisa aamue mwenyewe? Anayeguswa ameulizwa? Na akionewa, atalalamika wapi?

Maswali hayo hayahitaji elimu ya sheria. Mwanamke yeyote katika mkutano anaweza kuyauliza, na ana haki ya kupewa jibu.